Hesabu ya Uhai na Daftari la Kikundi

  

Leo nina maneno na watu wawili hasa, ingawa wengine wote msizime redio. Wa kwanza ni mzazi ambaye mwanawe ameitwa chuo kikuu kusomea sayansi ya aktuaria. Jirani akimuuliza, "Mtoto anasomea nini?" mzazi huyu hujibu, "Mambo ya hesabu hivi," kisha anaulizia habari za mvua. Wa pili ni katibu wa kikundi cha mazishi, yule mama au mzee anayetunza daftari la michango. Huenda mnajiuliza hawa wawili wanahusianaje. Wanahusiana sana, na kabla hatujaagana nitawaomba wakutane.

Tuanze na mzazi. Mtoto wako anasomea hesabu ya mambo ambayo hakuna ajuaye yatatokea lini, lakini kila mtu anajua yakitokea yanagharimu: kifo, ugonjwa, ajali, uzee. Anayehitimu kabisa katika kazi hii ndugu zetu wa Tanzania humwita mtakwimu bima. Somo hili linafundishwa Nairobi, Maseno, Egerton, Jomo Kenyatta, Strathmore, na hapa karibu katika Chuo Kikuu cha Kisii, kile kilichoanza kama chuo cha walimu mwaka 1965 na kupata hati yake ya kujitegemea mwaka 2013. Miaka ya mwanzo ni kalkulasi, takwimu, uchumi na hesabu ya uwezekano. Kisha mwanafunzi anakutana na somo linaloitwa modeli za uhai, na hapo wengi hushtuka. Ubaoni kunajaa alama ndogondogo, herufi zimebeba herufi nyingine mabegani, na wengi hukariri tu wapite mtihani.

Lakini chini ya alama zote hizo kuna swali moja. Sikilizeni vizuri: mtu aliyefika umri huu akiwa hai, ana nafasi gani ya kufika umri ule? Narudia. Aliyefika hapa akiwa hai, ana nafasi gani ya kufika pale?

Mbona swali lenyewe limeanza na "aliyefika hapa"? Chukua mfano wa mwalimu wetu wa shule ya msingi anayestaafu akiwa na miaka 60. Amesikia redioni kwamba sensa ya mwaka 2019 ilionyesha wastani wa umri wa kuishi wa mwanamume Mkenya ni miaka 60 na ushei, na wa mwanamke ni 66 na ushei. Mwalimu anajiambia, "Basi mimi nimeshamaliza. Kilichobaki ni miezi." Anaamua kutumia kiinua mgongo chote haraka, anunue gari, amalize nyumba, aozeshe, kwa sababu kesho haipo.

Je, mwalimu amekosea wapi? Wastani ule ni wa mtoto anayezaliwa leo. Ndani yake wamo watoto wachanga wanaokufa kabla ya kutimiza mwaka, wamo akina mama wanaofariki wakijifungua, wamo vijana wa bodaboda wanaoangukia barabarani. Hao wote wanauvuta wastani chini. Mwalimu wetu alishapita hatari zile. Amevuka utoto, amevuka ujana, na sasa anapaswa kulinganishwa na wenzake waliofika 60. Wanaofika hapo kwa kawaida wana zaidi ya miaka kumi mbele yao, na wengi hufika 80. Kwa hiyo akimaliza fedha zake kwa miaka mitatu, atakuwa mzee mwenye afya na asiye na shilingi. Hilo ni jambo zito, na linawapata watu tunaowajua.

Fikiria matatu iliyotoka Kisii ikielekea Kilgoris. Ikifika hapa Ogembo, huwezi kujua nafasi ya abiria kufika Kilgoris kwa kuhesabu wote waliopanda stendi ya Kisii. Walioshuka njiani hawamo tena. Unahesabu waliokaa kitini sasa hivi, kisha unatazama ni wangapi watashuka kituo kinachofuata. Modeli ya uhai inafanya hivyo kwa kila umri: waliobaki ni wangapi, na kati ya hao waliobaki, wangapi hawatafika mwakani.

Hesabu hii ni ya zamani. Mwaka 1662 mfanyabiashara wa London, John Graunt, alichapisha kitabu kutokana na orodha za vifo za kila wiki katika mji wake. Mwaka 1693 Edmond Halley, yule wa nyota yenye mkia, alipata kumbukumbu za kuzaliwa na kufa za mji wa Breslau, ambao leo uko Poland na unaitwa Wrocław. Kumbukumbu hizo zilikuwa zimekusanywa na kasisi mmoja, Caspar Neumann. Halley akatengeneza jedwali: anza na watoto 1,000 wa mwaka wa kwanza, na ukifika umri wa miaka 20 wamebaki 598. Hebu waza, wasikilizaji. Karibu watoto wanne kati ya kumi walikuwa wamekwenda kabla ya kuwa watu wazima. Kutoka jedwali lile Halley akaonyesha namna ya kukokotoa bei ya malipo ya kila mwaka anayolipwa mtu maisha yake yote.

Ninachotaka mkishike hapo ni yule kasisi. Halley alikuwa na akili kubwa, lakini bila mtu aliyeandika nani amekufa na akiwa na umri gani, akili ile isingepata pa kuanzia.

Sasa tuje kwa katibu wetu. Mama katibu, uko hapo?

Sisi Wagusii kusaidiana hatukufundishwa na mtu. Wazee walikuwa na risaga na egesangio, watu wanaingia shamba la huyu leo na la yule kesho. Vikundi vya mazishi vimeendeleza moyo huohuo. Mtu akifa Nairobi, kuna mochari, kuna gari la kumleta nyumbani, kuna jeneza, kuna hema, kuna chakula cha waombolezaji. Hakuna familia ya kawaida inayoweza kubeba hayo peke yake. Kwa hiyo tunaandikishana, tunachanga.

Tuseme kikundi kilianza na watu 60, wengi wao wakiwa na miaka thelathini na kitu. Walikubaliana kila msiba kila mmoja atatoa shilingi 300. Hiyo ni shilingi 18,000 kwa msiba. Miaka ya kwanza misiba ni michache, kila mtu anatoa kwa moyo. Baada ya miaka 15 au zaidi, mambo yanabadilika. Misiba inafuatana. Watu wanaanza kulalamika. Wengine hawaji mkutanoni. Vijana wanasema, "Sisi tunatoa tu, hatupokei." Mwisho kikundi kinakufa, na wazee waliochanga miaka yote wanabaki bila chochote, tena wakati ambao wanahitaji zaidi. Ni mara ngapi tumeliona hili? Na tunasemaje? Tunasema watu wamekuwa wachoyo, au mweka hazina amekula pesa.

Pengine mweka hazina hakula hata senti. Mwaka 1825 Mwingereza mmoja, Benjamin Gompertz, alionyesha kwamba mtu akishakuwa mtu mzima, hatari ya kufa haiongezeki polepole kwa kujumlisha. Inaongezeka kama deni la riba juu ya riba. Katika jamii nyingi hatari hiyo hujirudufu kila baada ya miaka minane au tisa hivi. Sasa piga hesabu. Aliyejiunga akiwa na miaka 35, akifika 52 hatari yake imejirudufu mara mbili, yaani ni karibu mara nne ya ile ya mwanzo. Kikundi chenye watu walewale, kisichopata damu mpya, kitakuwa na misiba ya wanachama karibu mara nne. Mchango bado ni shilingi 300 kila msiba, kwa hiyo kwa mwaka mwanachama anatoa karibu mara nne ya alichokuwa akitoa mwanzoni. Na kama kikundi kinazika pia wazazi wa wanachama, mzigo ulikuwa mkubwa tangu mwanzo, hasa kwa yule asiye na mzazi hai anayemchangia mwenzake mwenye wazazi na wakwe, jumla wanne.

Narudia jambo hili kwa sababu ni la maana: kikundi kinaweza kuvunjika bila mtu kuiba na bila mtu kuwa mchoyo. Kilivunjika siku kilipoanzishwa, kwa sababu hakuna aliyeuliza umri wa wanachama.

Mwanafunzi wa modeli za uhai angefanya nini hapo? Angekushauri mchange kidogo kila mwezi, hata mwezi usio na msiba, ili muweke akiba mkiwa bado vijana. Angekushauri anayejiunga akiwa na miaka 55 asitoe sawa na wa miaka 25, au angalau asubiri muda fulani kabla ya kupokea. Angekushauri mwandike mapema ni wazazi wangapi kikundi kitawazika. Na angekwambia ukweli mmoja mchungu: watu 60 ni wachache mno. Katika kundi dogo, ajali moja ya matatu inaweza kumaliza akiba ya miaka kumi. Vikundi vikiungana, au vikinunua kwa pamoja bima ya mazishi kutoka kampuni iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, mzigo unatawanyika. Hayo si maarifa ya ajabu. Ni somo la mwaka wa tatu chuoni.

Lakini atakapokuja kukusaidia, mama katibu, atakuomba daftari. Na hapa ndipo mazungumzo yetu yanapofika penyewe.

Daftari litaonyesha nini? Mara nyingi litaonyesha majina, na alama za waliolipa. Aliyekufa, jina lake limepigwa mstari. Aliyehamia Nairobi akaacha kuchanga, amepigwa mstari uleule. Aliyekwenda Saudia kufanya kazi, mstari. Aliyegombana na mwenyekiti, mstari. Tarehe hakuna. Ukilitazama daftari hilo miaka kumi baadaye, wote wamekuwa kitu kimoja.

Mnadhani hilo ni kosa dogo? Niwape habari ya kweli kutoka Eldoret. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Rufaa ya Moi, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, walianzisha huduma ya kutibu watu wenye virusi vya Ukimwi, huduma iliyokuja kujulikana kama AMPATH. Wagonjwa waliandikishwa kwa maelfu huku magharibi mwa Kenya. Wengi waliendelea na dawa, lakini wengine waliacha kuja kliniki, na kitabu kikanyamaza. Je, wamehamia kliniki nyingine? Wamechoka? Wamekufa?

Takwimu ina njia ya kushughulika na watu wa namna hiyo. Mwaka 1958 Wamarekani wawili, Edward Kaplan na Paul Meier, walichapisha njia ambayo leo kila mwanafunzi wa somo hili anaijua kwa majina yao. Kaplan alikuwa akishughulikia uhai wa vifaa vya nyaya za simu, Meier akishughulikia wagonjwa. Wanasema hivi: mtu aliyetoweka mhesabu kati ya walio hai kwa muda wote uliomwona, kisha mtoe. Usimwite mfu, usimwite hai milele. Ni njia nzuri mno, na ni ya haki. Ila ina sharti moja: aliyetoweka asiwe tofauti na aliyebaki.

Eldoret sharti lile lilivunjika. Watafiti hawakuridhika na kitabu. Waliwatuma wahudumu vijijini, nyumba kwa nyumba, kuwatafuta baadhi ya wale waliopotea. Matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Baadhi ya waliopotea walikuwa wamekufa, na walipoingizwa kwenye hesabu, kiwango cha vifo kikapanda kupita sana kile ambacho vitabu vya kliniki vilionyesha. Walioacha kuja walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa kuliko waliobaki. Kimya cha kitabu kilikuwa na habari ndani yake, na ilibidi mtu apande mlima kwa miguu kuifuata.

Mimi naona huo ni mfano ambao kila mwanafunzi wa hapa anapaswa kufundishwa kabla ya mfano wowote wa Ulaya. Unaonyesha hesabu bora ikikosea kwa sababu ya watu waliotoweka bila sababu kuandikwa, na unaonyesha watu wetu wenyewe wakisahihisha kosa hilo.

Tena tazameni majedwali yenyewe. Kwa miaka mingi kampuni za bima hapa Kenya zilikadiria uhai wa Mkenya kwa jedwali la Waingereza, lililotokana na watu waliokuwa na bima huko kwao kati ya 1949 na 1952. Mtu wa Manchester wa baada ya vita vikuu ndiye aliyekuwa kipimo cha mtu wa Gucha. Baadaye Chama cha Kampuni za Bima cha Kenya kikatoa majedwali ya Wakenya wenyewe, kwanza ya miaka 2001 hadi 2003, kisha ya 2007 hadi 2010. Hiyo ilikuwa hatua kubwa na waliofanya kazi ile wanastahili shukrani. Lakini hao nao ni Wakenya wenye bima, wengi wao watu wa mshahara. Mama anayechuma chai, fundi wa mawe ya Tabaka, kijana wa boda, wamo katika jedwali gani?

Hawawezi kuwamo kama vifo vyao havikuandikwa. Sheria yetu inataka kila kifo kisajiliwe. Kifo cha hospitali huandikwa huko hospitali. Kifo cha nyumbani huripotiwa kwa naibu wa chifu, naye anaandika na kutoa kibali cha mazishi. Lakini sote tunajua mazishi mangapi hufanyika, hasa ya watoto wachanga na wazee sana, bila karatasi yoyote. Na hata palipo na karatasi, umri wa mzee umekisiwa, kwa sababu alipochukua kitambulisho aliulizwa mwaka na akataja njaa fulani au chifu fulani. Mtoto wako mwanafunzi anakaa darasani na jedwali safi lililochapwa, na wala hajui kwamba kila tarakimu pale ni mtu aliyelala mahali fulani, akaandikwa na mwingine.

Wasikilizaji, muda unatukimbia. Nirudi kwa mzazi, maana najua ana swali moja kubwa: kazi ipo?

Nitakujibu kwa uwazi. Shahada peke yake haimfanyi mtoto kuwa mtakwimu bima kamili. Kuna mitihani ya kitaaluma. Wengi wa hapa hufanya ile ya taasisi ya Uingereza, yenye karatasi nyingi, ada yake hulipwa kwa pauni, ingawa kuna punguzo kwa watu wenye kipato cha chini. Karatasi moja ina sehemu kubwa ya haya ya modeli za uhai. Kuna watu humaliza miaka mingi baada ya chuo, huku wakifanya kazi mchana na kusoma usiku. Tena wanaohitimu shahada kila mwaka ni wengi kuliko nafasi zilizo katika kampuni za bima. Asiyekueleza hayo hakutakii mema.

Lakini kazi ya hesabu hii haiko bima peke yake. Tangu Januari 2021 walimu na watumishi wa serikali waliokuwa chini ya miaka 45 wanakatwa asilimia ya mshahara kwenda mfuko wao wa uzeeni, nayo serikali inaongeza asilimia 15. Mfuko wa aina hiyo ukikadiria vibaya wanachama wataishi miaka mingapi, watakaoumia ni wastaafu wa kesho. Hospitali zinahitaji mtu wa kupima kama wagonjwa wa saratani wanaishi muda mrefu zaidi kuliko zamani. Sacco zinahitaji mtu wa kukadiria mikopo itakayobaki mkopaji akifa. Kaunti zetu zinahitaji hesabu hizi kila zinapopanga zahanati. Mwanafunzi aliyewahi kushika data halisi, chafu, yenye mapengo, akaisafisha na kuitolea jibu, ana cha kuonyesha mbele ya mwajiri. Yule aliyekariri alama tu hana.

Na hapo ndipo nawaomba mkutane.

Kijana uliye chuoni, likizo ijayo usikae tu na simu. Nenda kwa katibu wa kikundi cha mama yako, mwamkie kwa heshima, umwombe daftari, na umhakikishie kwamba hutatoa siri ya mtu. Keti naye. Mwulize: huyu alizaliwa lini, alijiunga lini, aliondoka lini, aliondoka kwa nini? Programu ya takwimu iitwayo R ni ya bure. Ingiza majina hayo kwa namba, chora mstari wa waliobaki, kisha umweleze katibu kwa Kiswahili au kwa Ekegusii ulichokiona. Ukishindwa kumweleza, rudi kwa mhadhiri wako, hujaelewa bado.

Mama katibu, wewe nakuomba uongeze safu nne katika daftari kuanzia mkutano ujao: tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kujiunga, tarehe ya kutoka, na sababu ya kutoka. Na ninyi wenyeji wote, msiba ukitokea nyumbani, hata wa mtoto wa siku moja, pelekeni habari kwa naibu wa chifu iandikwe, pamoja na umri wa kweli kadiri mnavyoujua.